Sauti Waliyoiondoa Kwenye Filamu

Mama alipokuja London kumfuata baba, Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu. Walipanga fleti Hounslow, karibu na uwanja wa ndege ambako baba alikuwa akipakia mizigo. Baba akishatoka kwenda kazini, mama alibaki na hita, dirisha na televisheni. Siku moja baba alirekodi filamu ya mambo ya anga za juu kwenye kanda ya video, maana alipenda chochote kinachoruka. Lakini mama ndiye aliyeitazama mpaka picha zikaanza kuchezacheza.

Ilikuwa hadithi ya daktari wa kike aliyeachwa peke yake kwenye kituo, katika sayari ya barafu, akingoja chombo kije kumchukua. Hakuwa na wa kuzungumza naye, ila sauti yake ilisikika filamu nzima ikieleza kila kitu: sasa nafungua mlango, leo upepo ni mkali, bado nina chakula, naogopa. Ilisema taratibu, kwa maneno mepesi. Mama alikuwa akisimamisha kanda, anarudia sentensi, kisha anarudisha nyuma aisikie tena. Akienda dukani, aliomba mkate kwa mwendo uleule wa sauti.

“Unasema kama mtu aliye peke yake kwenye barafu,” baba alimtania.

“Kwani siko?” mama akamjibu.

Walitusimulia hayo mara nyingi, wote wawili wakicheka, ila mama aliacha kucheka mapema kidogo.

Mimi nilizaliwa hapahapa, na nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusoma yaliyoisibu filamu ile. Mwongozaji aliitengeneza bila maelezo yoyote. Alitaka tusikie upepo, pumzi na nyayo za daktari, basi. Wakubwa wa studio walipoitazama wakaingiwa na wasiwasi kwamba watu hawataelewa. Wakamtoa mwongozaji kwenye chumba cha kuhariri, wakapunguza kimya, wakabandika mwisho ambao chombo kinafika, halafu wakaweka ile sauti. Mwigizaji mwenyewe alikuwa ameshakwenda kwenye kazi nyingine, kwa hiyo wakamkodi mwanamke mwingine aliyefanana naye sauti. Jina lake halikuandikwa popote. Wapenzi wa filamu waliichukia sauti hiyo kwa miaka. Studio imetutukana, walisema, imetuona wajinga tusioweza kufahamu kitu mpaka tuelezwe.

Baba alishatangulia mbele ya haki niliposikia kwamba toleo la mwongozaji limesafishwa na litaonyeshwa kwenye sinema moja Kilburn, si mbali na ninapoishi. Nikamleta mama mchana wa Jumapili. Alivaa mtandio wake mzuri na kuweka kashata kwenye mkoba, kama aendaye kumtembelea mtu.

Taa zikazimwa. Daktari akatokea, akafungua mlango, akasimama kwenye theluji. Kimya. Mama akanigeukia.

“Mashine yao imeharibika?”

“Hapana, mama. Ndivyo mwongozaji mwenyewe alivyotaka.”

Akageukia tena picha. Kisha nikasikia, chinichini, Kiingereza cha mama: sasa nafungua mlango. Leo upepo ni mkali. Alikuwa akiyasema maneno yaliyokatwa, kila moja mahali pake, macho hayabanduki kwenye picha. Mwanamume wa mbele akageuka. Nikamgusa mama mkono, naye akanyamaza.

Upande wake wa pili alikaa bibi mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe. Akamwinamia mama, akamnong'oneza, “Halafu anasemaje?”

Mama akanitazama kama anaomba ruhusa. Nikacheka kimoyomoyo, nikauondoa mkono wangu. Tangu hapo akaendelea kwa sauti ndogo sana, bibi yule akiwa ametega sikio, na kashata zikapita kati yao gizani.

Mwisho ulikuwa mwingine kabisa. Chombo hakikuja. Daktari alizima redio yake, akaosha kikombe, akachukua koleo na kutoka kuondoa theluji mlangoni. Nilimwangalia mama kwa pembeni, nikiogopa kwamba nimemharibia kitu chake. Alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Kwenye basi nilimwuliza kama amehuzunika.

“Ah, si huzuni. Mie kile chombo sikukipenda hata siku moja. Baba yako ndiye aliyekipenda. Kila kikitua alikuwa akisema, ‘Umeona? Na siye tutarudi.’ Nikimwachia afurahi. Mie nilikuwa nimeshazoea.”

Sikuwahi kulijua hilo. Nikamwambia kuhusu mwanamke aliyekodiwa, kwamba sauti haikuwa ya daktari. Alishtuka kuliko nilivyotarajia.

“Alikuwa nani?”

“Hajulikani, mama. Hawakumwandika.”

“Na watu ndio wakamchukia?” Akageukia dirisha. Maduka ya Kilburn yakapita, moja baada ya jingine. “Hao wa studio waliogopa kwamba watu hawataelewa. Basi mie ndiye niliyekuwa sielewi. Yule mwanamke aliniambia mie.” Kisha akainua viganja palepale kwenye kiti na kumwombea dua: Mungu amrehemu ikiwa amekufa, na ampe afya njema ikiwa yuko hai. Nikaitikia amina.

Baadaye nilinunua diski yenye matoleo yote mawili. Mama akija kwangu, tunaitazama kwa utaratibu wake. Anaanza na toleo la studio, lenye sauti. Kabla chombo hakijatokea ananiambia, “Simamisha,” na mimi nabadilisha tumalizie na mwisho wa mwongozaji. Nadhani wote, wakubwa wa studio na mwongozaji, wangekasirika.

Juzi binti yangu alikaa katikati yetu. Daktari alipotoka na koleo, akauliza kwa Kiingereza mbona hakuna anayekuja kumchukua.

“Achukuliwe aende wapi?” mama akamjibu kwa Kiswahili, akimvuta karibu. “Si pale ndipo kwake?”

Mtoto akafikiri, akaegemeza kichwa kwenye bega la bibi yake, tukatazama majina yakipanda kwenye kioo mpaka la mwisho.