Siafu Niliowavusha Majivu

Jamani, mnacheka hata kabla sijaanza, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ilikuwa zamani za Mwingereza, kwetu Ijuganyondo, na wageni walikuwa wanatoka Nshamba kuja kuniposa.

Masika yalikuwa yamekolea. Mvua zikizidi hivyo, maji hujaa kwenye mashimo ya siafu, nao huhama kutafuta pakavu, yaani ndani kwa watu. Mama alikuwa amezungushia nyumba nzima majivu, maana siafu hawayavuki. Mimi nilikuwa nimekata nyasi mpya za kutandika sebuleni, nikazifunga kwenye mkeka, nikaziacha zilale migombani. Asubuhi mama akasema, "Zikung'ute kwanza, uzianike." Jua lenyewe lilikuwa wapi? Na gauni langu lilikuwa bado kupigwa pasi! Nikabeba mzigo vilevile, nikaruka majivu, nikatandika. Sebule ikapendeza, nikajisifu mwenyewe.

Wageni wakaketi. Baba wa mchumba wangu, mzee mrefu, kanzu nyeupe na koti juu, hacheki hata kidogo. Nikapiga magoti kumpa kikapu cha kahawa ya kutafuna.

"Tumekuja, waitu, kuomba..." akaanza kwa heshima ya kwetu, akajikuna goti. "Kuomba..." Macho yakamtoka.

Nami nikahisi kitu kinanipanda mapajani. Nikauma meno (msichana anayeposwa hapigi kelele), kikawa viwili, likawa jeshi, nikapiga ukunga, "Mawe! Mama wee! Siafu!" nikarusha kikapu, kahawa zikawamwagikia wageni, nikatoka mbio huku navua khanga, navua gauni, nimebaki na shimizi, hadi migombani nyuma ya shina la kwanza lililo nene, na nani ninamkuta pale?

Yeye. Baba mkwe. Kumbe alikuwa amenitangulia, kanzu iko begani, amebaki na kaptula yenye kiraka chekundu makalioni.

Binti kumwona mkwe wake hivyo! Hata laana yake nilikuwa siijui. Naye akasema polepole, "Mwanangu, wewe tazama kule, na mimi nitazame huku." Tukapeana migongo, kila mtu akang'oa siafu wake. Nililia kimyakimya, nikijua posa imekwisha na Nshamba nzima itasikia.

Aliporudi, kanzu ameivaa mbele nyuma, alimwendea baba yangu moja kwa moja. "Binti huyu ni wetu," akasema. "Taja mahari yoyote. Siwezi kumwacha aolewe nyumba nyingine akasimulie huko aliyoyaona."

Nikaolewa hivyo. Miaka yote tuliyoishi naye hakunitazama usoni, nami sikumsimulia mtu mpaka tulipomzika. Sasa sakafu yangu ni ya saruji, nyasi hazitandikwi tena, lakini masika yakianza nakung'uta kila kitu kinachoingia mlangoni, hata nyinyi, nisingewaonea aibu, ningewakung'uta.