Seremala Aliyeazima Nyundo

Alhamisi, kwenye manyunyu, tumemzika fundi seremala wa mtaa wetu hapa Mbalizi. Alikuwa akiugua tangu baridi ilipoanza. Msomaji wangu, nimechoka. Siku hizi naona ninaandika zaidi habari za waliotutoka kuliko za walio hai, na huyu nilitaka nimpitishe kimya. Nimeshindwa.

Hakuwa rafiki yangu hasa. Alikuwa jirani tu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, mzee wa maneno machache ambaye sweta lake halikuisha vumbi la mbao. Ila alikuwa na tabia moja ambayo mtaa mzima tuliizoea. Akisikia mume na mke wanagombana, alipiga hodi kuazima nyundo. Seremala, jamani! Mtu mwenye nyundo tano ukutani! Kwangu alikuja Jumamosi moja asubuhi. Ugomvi wetu ulianzia kwenye shati ambalo halikupigwa pasi, ukahamia kwa ndugu zangu, na mke wangu alikuwa ameshafunga begi kurudi kwao Nyololo. Safari ile hakuwa anatania, nilimwona usoni. Mara tukasikia, “Hodi wenyewe! Naomba nyundo.” Nikamjibu kwa hasira, “Fundi, wewe wa kukosa nyundo?” Akasema, “Mwanangu, zangu zimechoka,” akavuta kiti akakaa. Kisha akamgeukia mke wangu: “Mama, baridi hii, hata chai kikombe kimoja?” Mgeni hanyimwi chai. Mke wangu akaweka begi chini, akawasha jiko. Mzee akanywa vikombe vitatu, taratibu, akitusimulia viazi vyake vilivyoozea shambani, hadi mke wangu akaanza kumpa pole na mimi nikatumwa sukari. Akaaga, “Ndaga, wanangu, asanteni,” akaenda zake. Nyundo hakuichukua.

Miaka kadhaa baadaye nilimuuliza kwa nini hakutupa mawaidha kama wazee wengine. Akacheka. “Nikija na mawaidha si mtanifukuza? Nikija na shida yangu mtanikaribisha.” Watoto wangu wamekua na mama yao ndani ya nyumba, na sehemu ya shukrani hiyo ni ya mzee huyu. Sikuwahi kumwambia. Nilidhani angekuwepo tu.

Tunapenda kujisifu kwamba mtaa wetu una amani, kwamba watoto wanakula nyumba yoyote, kwamba watu wanasalimiana hadi wanachelewa kanisani. Ni kweli, na ninaupenda mtaa huu. Lakini kazi ya kuilinda amani hiyo tulimwachia mtu mmoja, tena mzee, sisi tukabaki kufurahia. Mwezi uliopita, akiwa kitandani hajiwezi, mume na mke vijana waliopanga nyumba inayopakana na yangu waligombana mchana kweupe. Tulimsikia binti akilia. Mke wangu akaniambia, “Baba, si uende?” Nilikuwa nimetoka kazini hoi. Nikamjibu hayo ni mambo yao ya ndani, nikaongeza sauti ya televisheni. Jioni yake binti alipanda gari na mtoto wao kwenda kwao Makongolosi. Hajarudi mpaka leo.

Kuchoka nimechoka kweli, na wewe unayesoma huenda umechoka vilevile. Hata yule mzee alikuwa anachoka. Alikuwa akitoka kuranda mbao kutwa nzima, na bado akija. Nyumba ya jirani haihitaji wakati wetu mzuri. Inatuhitaji inapolia, na sisi tukiwa hivyo hivyo tulivyo.

Makaburini yule mume kijana alisimama karibu yangu. Watu walipoanza kutawanyika akaniuliza, kwa adabu kabisa, “Mzee wangu, siku ile mlitusikia?”

Nikamwambia tulisikia.

“Sasa mbona hamkuja?”