Siku Nilipojipandishia Mahari

Mwanangu, mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Niliingia Kisumu bila viatu, shule nimeacha darasa la tatu, na kabla sijafika miaka thelathini nilikuwa na lori langu la kubeba samaki kutoka Asembo Bay. Nimebishania bei na kila aina ya mtu, na wengi walienda nyumbani wameshika kichwa.

Ila kuna siku moja naikumbuka. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, tumeenda Pap Onditi kumwoa mama yako. Kwetu, unajua, bwana harusi hataji bei ya mahari. Anakaa, anaangalia chini, mshenga ndiye anasema. Wangu alikuwa baba mdogo, mzee mpole sana. Njiani akaniambia, "Wameshakubali ng'ombe kumi. Kazi yako leo ni kunyamaza."

Nikacheka. Kumi? Mimi ningewashusha mpaka sita, na akiba yangu ibaki ya kununua lori la pili.

Basi tukakaa. Baba mdogo hajamaliza hata salamu, nikaruka: "Mzee, tuongee kama wafanyabiashara. Sita, na yaishe leo."

Babu yako, baba wa mama yako, hakukasirika. "Sita? Na lile lori hapo nje ni la nani?"

"Langu, Mzee! Lina hata redio. Na la pili linakuja mwezi ujao."

"Pesa yake iko?"

"Iko yote! Mimi sikopi."

Akageukia ndugu zake. "Mmesikia? Bwana wa malori mawili. Tukichukua kumi, si watasema tumemdharau?"

Nyumba nzima ilicheka. Mashangazi wakapiga vigelegele. Baba mdogo akafunika uso kwa kofia.

Nililipa, tena sikuomba kupunguziwa. Mpaka leo Pap Onditi wanasema mkwe wao ni mwanamume, na kwa mama yako ningetoa zaidi. Lakini lori la pili lilichelewa miaka mitano.

Kwa hiyo kesho tukifika Kombewa kwa wakwe zako, usifikiri kwa sababu unauza vizuri sokoni basi unaweza kila mazungumzo. Mimi nilijiamini mpaka nikamfungulia mtu mfuko wangu mwenyewe. Wewe angalia viatu vyako, uniachie. Mungu akupe mke kama mama yako, na mdomo mtulivu kuliko wa baba yako. Huu wangu ulinigharimu ng'ombe kumi na saba, mbuzi wanne, na ile redio.