Ruhusa Niliyoifuata Nairobi

Mmeniuliza mara nyingi nilikwenda Nairobi kufanya nini, nami nimewajibu kwa mzaha. Leo nawasimulia yote, maana wengine wenu mmeanza kuyasimulia kwa niaba yangu, tena mnayakosea.

Nilikwenda kwa sababu ya miche. Ule ndio mwaka ambao kila mwanamke wa kikundi chetu alipata fungu lake la grevilia, zile tulizozilea wenyewe ndani ya pakiti za maziwa. Zangu zilikuwa zimenifika magotini, mizizi imetoboa pakiti na kuanza kujichimbia pale pale kitaluni. Mvua ndefu zilikuwa karibu. Nyuma ya nyumba yangu mteremko ulikuwa ukimeguka. Kila mvua iliondoka na udongo wangu ikaupeleka mtoni, na korongo lilikuwa limekaribia choo. Bila miti, msimu mmoja au miwili tu, ningekuwa nalima mawe.

Desturi yetu mnaijua. Mwanamke ataatika mbegu, atamwagilia, atapalilia, lakini kuutia mti shimoni ni kazi ya mwanamume. Mwanamke akipanda mti katika boma la mume aliye hai, anamchimbia mumewe kaburi. Ninyi mlipandiwa na waume zenu au wana wenu. Mimi nina Beti peke yake, naye ameolewa. Shemeji yangu Zakaria alikuwa tayari kunipandia, tena kwa furaha iliyopita kiasi. Lakini mti ni wa aliyeupanda, na ardhi hufuata mti. Zakaria alikuwa akiutazama mteremko ule kama paka anavyotazama samaki. Ikanibidi nimfuate mume wangu, Baba Beti, aje apande kwa mkono wake, hata kama ni siku moja tu. Hakuwa amekanyaga nyumbani tangu tulipomzika mama yake.

Asubuhi, stendi ya Mbale. Sikumwambia mtu ninakokwenda, kwa hiyo hakuna aliyenisindikiza. Nilikuwa na kuku mmoja, ndizi, na karanga za kukaanga. Basi lilipoondoka, wanawake walikuwa wakiwapungia watu wao mikono. Nami nikapunga. Sijui nilikuwa nampungia nani.

Kericho tulipita mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa, na mikaratusi mirefu iliyopangwa mstari. Nilijiuliza ilipandwa na nani na kama mtu huyo alikuwa na mke. Mwanamke niliyeketi naye alikuwa anampelekea mumewe mtoto amwone kwa mara ya kwanza.

"Na wewe pia unaenda kwa mzee?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Anakungoja stage?"

"Ananingoja," nikasema. Ulikuwa uongo mtupu. Tulipofika Nakuru alishuka, na kile kiti kikabaki kitupu hadi Nairobi.

Jioni, stendi ya Kawangware 46. Hapo ndipo Baba Beti alipokuwa akiishi, kwa habari tulizokuwa nazo. Nilielekezwa kwa Jafeti, mwana wa baba yake mdogo, ambaye ni seremala wa vitanda kando ya barabara. Aliponiona aliiweka randa chini.

"Mulembe, mulamwa!" akasema. Mnajua wanaume wa kwetu hawamwiti mke wa ndugu yao jina lingine. "Umekuja bila kutuma neno?"

"Neno nimekuja nalo mwenyewe. Yuko wapi ndugu yako?"

"Alihama hapa kitambo. Ako Kibera, Soweto West. Kesho ni Jumapili, nitakupeleka."

"Na huyo mwanamke wake ni wa kabila gani?"

"Mwanamke gani?" Jafeti alicheka, kisha akaacha kucheka haraka, akarudia randa yake.

Mke wake, Nora, alinipikia ugali na kunde, wakanipa kitanda chao, wao wakalala chini. Ni watu wema mno. Lakini nilipowaona wakinyang'anyana kiberiti kwa utani, huyu akikificha nyuma na yule akimtekenya, nilishindwa kumaliza chakula. Nilimdanganya Nora kuwa ni uchovu wa safari.

Jumapili asubuhi tulitoka kwa miguu. Tulipita Satellite, watu wakienda kanisani wamevaa vizuri, tukaivuka Barabara ya Ngong. Upande ule kuna nyumba za matajiri, na ndani ya nyua zao kuna miti mikubwa, ningekumbatia mmoja nisiufikie nusu. Hakukuwa na mtu chini yake. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Sehemu kubwa yalikuwa ya yule mwanamke niliyeamini anaishi naye: nitamwambia hivi, akinijibu hivi nitamwambia vile. Mimi sishindwi na mwanamke kwa maneno, ninyi ni mashahidi.

Soweto West hapana mahali ambapo mti ungesimama bila mtu kuhama kwanza. Bati limegusana na bati, na katikati kuna njia ya maji machafu ambayo ndiyo njia ya watu pia. Kijana mmoja alituona tukisitasita.

"Niaje mathe, mnacheki nani?"

Jafeti akamtajia jina la mume wangu. Kijana akatikisa kichwa. Jafeti akasema, "Yule fundi wa majiko."

"Aah, Mzee Kimya! Ako hiyo ploti ya mwisho."

Mzee Kimya. Mtu aliyekuwa akiimba mpaka ng'ombe wanageuka.

Mlangoni pa ploti palikuwa na mama wa Kijaluo anayekaanga omena. Aliitwa Mama Akinyi. Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye kuku. "Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni bibi yake."

"Wololo! Huyu mzee ako na bibi? Vile tumekaa na yeye hapa miaka yote, hajawahi sema hata ako na nyumbani."

Baba Beti alisikia sauti, akatoka. Amezeeka. Alijifuta mikono kwenye suruali, akanisalimu kama mtu anavyomsalimu mgeni wa kanisa. "Mama Beti. Huko kuko salama?"

Niliingia nikitafuta leso kwenye msumari, au kitana, au kanga juu ya kitanda. Hapakuwa na kitu. Koti moja, sufuria moja, kikombe kimoja. Alikwenda kwa Mama Akinyi kuazima vikombe viwili ili tunywe sisi wageni. Wenzangu, ningemkuta mwanamke ningejua la kufanya. Nilikaa kwenye kile kitanda na maneno yangu yote hayakuwa na pa kwenda.

Alitupikia chai nzito, nzuri sana. Akauliza habari za Beti, na za ng'ombe aliyekufa zamani. Sikumwambia kuwa amekufa. Kisha nikamweleza kuhusu miche, mteremko, na Zakaria. Nikamwambia, "Njoo siku moja tu, mvua ikianza. Upande, urudi."

Alikaa akizungusha kikombe chake. Ndipo akasema, "Panda tu wewe mwenyewe."

Nilidhani hakunielewa. "Baba Beti, unajua unachosema?"

"Najua."

"Jafeti anasikia."

"Wacha asikie. Nimesema upande. Zakaria akiuliza, Jafeti ni shahidi."

Jafeti alivua kofia yake, akaishika magotini. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

"Kwa nini?" nikamwuliza. Sauti yangu ilinitoka kama ya mtoto.

"Niliondoka nikiwaambia watu nakuja kutafuta nyumba ya bati," akasema. "Angalia. Nikienda mikono mitupu, kila mtu ataniuliza. Huku hakuna mtu ananiuliza kitu."

"Mimi sikuulizi. Njoo bila bati. Njoo na hilo koti."

Alinitazama, na kwa muda mfupi nikadhani anakuja. Nawaambia kweli, moyo ulinidunda kama wa msichana. Kisha akasimama, akaviosha vile vikombe vya kuazima, akavirudisha kwa wenyewe.

Alitusindikiza hadi kwenye reli. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nadhani hawakufika Soweto. Nililia njia yote hadi Satellite, hadharani, na Jafeti akawa anatembea hatua chache mbele yangu ili nisione haya.

Jumatatu nilirudi. Kuhusu njia sina la kusimulia, sikuiona. Nilikuwa nimepata ruhusa ya kupanda, tena mbele ya shahidi wa ukoo, na nilikuwa nimeketi ndani ya basi kama mtu anayetoka mazishini.

Nyumbani, mvua iliponyesha vizuri, nilichimba mashimo nikaanza kupanda. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja, nami siwalaumu. Mlikuwa mnaogopa kuwaua waume zenu. Zakaria alikuja hadi mpakani, akasimama na mwavuli.

"Ndugu yangu amekufa lini?" akauliza.

"Hajafa. Anapika chai nzuri sana. Kamwulize Jafeti alichosema."

Aliyatazama mashimo, akanitazama mimi niliyejaa matope, akaenda zake. Nikaendelea kupanda. Kila mche niliokuwa nikiushindilia udongo, nilisema moyoni, kwa huu hajaja, na kwa huu hajaja, hadi mwisho wa mteremko.

Miti imeshika, mnaiona. Korongo limesimama. Najua mnaponipita mnaniita mjane, mkidhani sisikii, wala sikasiriki. Lakini kati yenu kuna wenye waume huko Nairobi, na juzi nimesikia wawili wakipanga safari kama yangu. Kwao nina neno moja nililojifunza Soweto West: usiende kuomba ruhusa kama hujawa tayari kupewa.