Mwenyewe wa Maji Hapendi Masizi

"Laki tano za fidia, mama. Weka sahihi hapa tumalize, sote tupumzike."

"Wewe umechoshwa na nini?" nilimwuliza. "Tope liko kwangu."

Alikuwa kijana wa kampuni inayochimba kokoto juu ya mto wetu. Alikaa kwenye kigoda changu, karatasi juu ya goti. Akatabasamu, akasema hata wazee wetu wa hapa Suma wamemweleza kwamba mto umeharibika kwa sababu mwenyewe wa maji amehama, vijana hawamheshimu tena. "Sasa mama, na hilo ni la kampuni?"

Hapo nilipandwa na hasira, kwa kuwa maneno hayo si mageni kwangu. Nilipokuwa mtoto niliyabeba mgongoni, na yaliniumiza.

Mahali petu pa kuchotea, kidimbwi kilicho chini ya mwamba, palikuwa na mwenyewe. Bibi aliyenilea alisema ni nyoka mkubwa, mpole, anayependa ubaridi na kimya. Kitu kimoja tu hakivumilii: masizi. Ukitumbukiza chombo kilichotoka mekoni atahama, na maji atayaharibu nyuma yake. Tuliamini. Hata leo nikikaribia pale nashusha sauti bila kujua.

Siku moja ndoo yetu ilitoboka, bibi akanituma na sufuria. Niliisugua kwanza kwa majivu na majani makavu ya mgomba mpaka ikang'aa. Njiani nilikutana na Tumpe, binti wa jirani. Aliiangalia ile sufuria, akaendelea na njia yake. Usiku mvua ikanyesha, na asubuhi maji ya kidimbwini yakawa mazito kama uji wa ulezi.

"Ni huyu," Tumpe akawaambia wanawake waliokuja kuchota. "Jana alikuja na sufuria."

"Niliisugua," nikasema.

"Nyoka atajuaje kama umeisugua? Ulimwonyesha?"

Wakacheka. Sikucheka. Toka siku ile watoto wenzangu walisubiri nichote niondoke ndipo washuke. Bibi alikuwa ameazima ndoo nyingine, lakini ndoo iliyojaa mtoto hajitwishi vizuri. Hutwishwa na mwenzake. Mimi nilijitwisha, na kila nilipofika nyumbani gauni lilikuwa limeloa mgongo mzima. Baridi ya Rungwe mnaijua. Nilikaa mekoni nikijikausha, nikiwasikia wenzangu wakipita njiani na nyimbo zao.

Bibi alinitazama mgongo.

"Nani anakutwisha?"

"Hakuna."

Hakuniuliza kama kweli niliingiza masizi majini. Alichukua fimbo yake akasema twende, tukapanda kufuata mto. Hatukufika mbali. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa kuheshimiwa, alikuwa amefyeka matete yote akalima viazi mpaka ukingoni kabisa. Mvua ilikuwa imekata matuta yake na kuyashusha kwetu.

"Baba, ulisikia wanavyomsema mtoto huyu?" bibi alimwuliza.

"Nilisikia, mama."

"Ukanyamaza."

Mzee aliangalia jembe lake. Kisha akaenda kukamata jogoo, akamletea bibi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa mtu anapoomba radhi.

"Jogoo tutamla leo," bibi akasema. "Kesho tutakunywa nini? Teremka ukatoe udongo wako."

Akateremka. Alikunja suruali akazoa tope kwa koleo, watu wamesimama juu wanamwangalia, hakuna aliyethubutu kumcheka. Kisha akapanda matete upya ukingoni. Maji yakarudi kuwa maji. Na kule kijijini, mnajua walisema nini? Walisema nyoka amenisamehe.

Nimezeeka na bado sentensi hiyo inanichoma. Hakuna aliyesema tulikosea. Tumpe alianza tena kunitwisha, nami nilikubali, maana upweke unachosha, lakini sikuwahi kuongea naye kama zamani.

Sasa mimi simcheki yule nyoka. Kwa ajili yake hakuna aliyeosha vyombo pale kwa miaka mingi, na tulikunywa bila kuugua. Tatizo lake ni moja: tulimpa macho ya kuona masizi ya mtoto, hatukumpa macho ya kuona jembe la mzee. Na leo haoni malori. Yanaoshewa mtoni, oili chafu inaelea juu ya maji, vumbi la kokoto na kifusi vimejaza kidimbwi mpaka mwamba umebaki kichwa tu. Magimbi ya bondeni ukiyachemsha yananuka gereji. Majirani wamepokea hela zao, Tumpe naye, na siwalaumu, kila mtu ana shida zake. Ila tukiwa msibani nikikaa kwenye mkeka, mkeka unabaki wangu peke yangu. Wanaogopa kukataa kwangu kutawaharibia. Jioni napika, nakula, naosha sahani moja.

Nilimweleza kijana haya yote, si kwa upole. Alisikiliza, hilo nakiri. Halafu akafungua kalamu.

"Basi mama, useme mwenyewe. Unataka tuongeze shilingi ngapi?"

"Sitaki shilingi. Nataka mteremke na koleo mtoe tope lenu mtoni, lote, na malori yenu mkaoshee kwenu."