Bi Fyonzo Aenda kwa Wakwe

Kazini walimwita Bi Fyonzo, na jina likamganda. Miaka ishirini na miwili alikuwa mwonjaji katika ghala la kahawa: huchota kijiko, huifyonza kwa kishindo mpaka itapakae ulimi mzima, kisha huitema kwenye ndoo. Bila kelele, alisema, ulimi hausikii kitu.

Siku walipoalikwa kwa wazazi wa mchumba wa bintiye, binti alimshika mkono mlangoni.

"Mama, nakusihi. Leo kunywa kama watu."

"Kwani mimi si watu?"

"Mama."

"Haya, nimesikia."

Baba wa mchumba, fundi saa mwenye maneno ya kuhesabu, alileta birika la kahawa mwenyewe. "Arabika tupu," alisema. "Mke wangu hataki nyingine."

Bi Fyonzo alishika kikombe kwa adabu zote. Lakini mazoea yana taabu. Alifyonza mara moja tu, na paka akaruka kutoka kwenye kochi. Binti akafumba macho. Kutema, angalau, alijizuia. Akameza huku uso umejikunja.

"Vipi, mkwe mwenzangu?" mama wa mchumba akauliza.

"Nzuri."

"Sema tu. Uso umeshasema."

"Arabika imo, ila nusu. Arabika ina uchachu mwororo, kama wa tunda, na harufu yake hutangulia. Hii inakwaruza koo. Imechanganywa na robusta, ile kahawa kali."

Mama yule aliinuka, akarudi na mkebe, akamwaga buni zilizokaangwa kwenye sinia. Bi Fyonzo akazichambua kwa kidole. Zile ndefu, zenye mfereji uliopinda katikati, huku. Zile za mviringo, mfereji umenyooka, kule. Mafungu yakalingana.

"Na hizi za mviringo," akaongeza, "ndizo zinazokesha na mtu."

Mama akamgeukia mumewe. "Miezi mitatu silali. Nimekwenda hospitali mara mbili. Wewe ukaniambia ni uzee."

Fundi saa alitazama sinia. "Arabika hainiamshi. Nikazichanganya, maana nilijua ukiona mikebe miwili utauliza."

Binti alisubiri posa ivunjike. Badala yake, mama yule alileta bakuli, akaliweka mbele ya Bi Fyonzo.

"Tema humu kama kazini, mwenzangu, usijitese. Ukimaliza nionjee na asali anayoniletea huyu."

Harusi ilifanyika baada ya miezi miwili. Mama wa bwana harusi alikuja amelala vizuri. Mumewe alipewa chai.