Senene wa Buhembe

Ildefons ana diploma mbili na mkoba wa ngozi, na vyote vitatu husafiri pamoja. Tunakaa naye chumba kimoja katika ofisi ya kilimo hapa Bukoba, mwaka wa sita huu, na sijawahi kumsikia akisema "sijui". Ni mzaliwa wa Muleba, mtoto wa mkulima wa kahawa, na kompyuta alijifunza kwa bidii ambayo niliionea wivu. Tatizo lake ni kudhani kwamba anayejua kuendesha programu anajua na jibu.

Novemba iliyopita alikuja Mama Klaudia wa Kashozi, mkuu wa kikundi cha akina mama wanaotega senene, wale panzi wa kuliwa warukao usiku. Walikuwa na jenereta moja, mabati kumi na mawili, na kilima chenye miteremko miwili. Walitaka kujua senene wanaletwa na upepo wa upande gani, ili taa za kuwavuta na mabati ya kuwaangushia vitazame huko kundi kubwa likija. Kundi kubwa huja mara moja. Wakilikosa, basi, mpaka msimu mwingine. Alituachia daftari lake: tarehe kumi na mbili, senene wa kwanza, saa 1.

Ildefons ana programu inayochora njia ya hewa. Unaipa mahali, tarehe na saa, nayo inarudi nyuma kukuonyesha hewa hiyo ilitoka wapi. Aliiomba irudi saa ishirini na nne. Ilirudi moja. Mstari ulianzia Kashozi ukaishia Buhembe, kusini kidogo tu, mfupi kama ukucha.

Mtu mwenye haya angeshtuka. Mhaya wetu alilaumu mtandao, kisha umeme. Akaifuta programu na kuiweka upya mara tatu, akahamia kompyuta yangu bila kuomba. Kila mara kilifunguka kidirisha cha ujumbe chenye sababu, na kila mara alikifunga. Nilimwambia asome.

"Ujumbe wa kompyuta ni kama matangazo," akanijibu. "Ukisoma yote hufanyi kazi."

Siku ya tatu aliacha kulitafuta kosa, akaanza kulipenda. Mstari haujakatika, alisema. Senene wanatoka Buhembe. Akaandika ripoti ya kurasa tisa, akaipeleka Kashozi mwenyewe, na mkoba. Mama Klaudia alishangaa, maana Buhembe ana dada yake, na dada huyo kila mwaka humwomba senene.

"Lakini waitu, wewe ndiye uliyesoma," akasema kwa heshima ya Kihaya. Akina mama wakahamishia mabati yote mteremko wa kusini.

Kundi kubwa lilikuja Jumatatu, kutoka kaskazini. Liliwapita juu ya vichwa, likashukia taa za majirani.

Jumanne asubuhi Mama Klaudia alikuwa mlangoni kwetu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliomba tu aonyeshwe kazi ilivyofanyika. Ildefons akamwonyesha saa aliyoiandika: 01.

"Hii ni saa ngapi?"

"Saa moja, mama. Kama ulivyoandika."

"Mimi niliandika saa moja ya usiku, tumetoka kusali rozari. Hii mashine yako inasali saa ngapi?"

Mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane wa Greenwich, Uingereza. Saa moja yetu ya usiku kwake ni 16, na 01 yake kwetu ni saa kumi alfajiri, mama wa watu amelala. Nikakifungua kidirisha kile, nikasoma kwa sauti: data za hali ya hewa zinaanza saa 00 ya tarehe kumi na mbili, haiwezekani kurudi nyuma zaidi. Ildefons alikuwa amepakua faili la siku moja tu. Tukaongeza la siku iliyotangulia, tukaandika 16. Kazi ya dakika mbili. Mstari ukapanda kaskazini, ukavuka mpaka, ukaenda zake Uganda, mzima.

Nilikasirika sana, na nusu ya hasira ilinihusu mwenyewe. Siku tatu nzima nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kidirisha kile, nikicheka.

Mama Klaudia aliutazama mstari mpaka mwisho wake. Kisha akatoa kikapuni pakiti ya senene wa kukaanga, akaiweka juu ya ripoti.

"Nimewanunua sokoni, tata, baba yangu. Mwaka huu sina wa kwangu," akamwambia Ildefons. "Kula. Wa Buhembe hao."